Bi Nyamazeni Aliyezijua Beringi kwa Vidole

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Bi Nyamazeni atavua ovaroli yake ya bluu kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya magari ya afya. Atakuwa ametimiza miaka sitini ya umri na miaka thelathini na mitatu ya kazi, na katika hiyo, thelathini na mmoja na nusu ameitumia mbele ya meza moja, ile ya giaboksi, iliyo chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka.

Jina lake la kwenye faili lipo, na wahasibu wanalijua. Lakini mwenyewe aliniomba nisilitumie hapa, maana akiitwa hilo hudhani ameitwa mahakamani. Basi nitamwita tunavyomwita sote, na nitaeleza jina hilo lilikotoka.

Hakuajiriwa awe fundi. Aliajiriwa kuwa karani wa stoo ya vipuri, nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, na daftari lenye kamba. Sheria ya stoo ilikuwa moja: fundi akitaka kipuri kipya, sharti arudishe kilichokufa. Vile vilivyokufa vilitupwa kwenye pipa, na kila baada ya miezi mitatu pipa lilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Bi Nyamazeni, ambaye mchana stoo ilipopoa hakuwa na la kufanya, alianza kuviokota. Alizipangusa beringi, akaziweka kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kuzizungusha kwa mkono wa kulia huku amezisogeza karibu na sikio. Nzima huzunguka kimya na kusimama taratibu. Mbovu hukwaruza, na kidole husikia vinundu vidogo kama mtu anayepapasa mchele kutafuta mawe. Kwa mwaka mmoja na nusu alizungusha mamia. Akagundua jambo ambalo hakumwambia mtu: karibu nusu ya beringi zilizokuwa zikitupwa hazikuwa na ugonjwa wowote.

Wakati huo gari la wagonjwa la zahanati ya mlimani lilikuwa halitoki hapa karakana. Lilikuwa gari pekee ambalo zahanati hiyo ilikuwa nalo. Injini ikiwaka na gari limesimama bila gia, chini kulisikika mlio wa kusaga, kama changarawe ndani ya kopo. Mafundi walisema ni beringi ya klachi. Wakaibadilisha. Mlio ukabaki. Wakaibadilisha tena. Mlio ukabaki vilevile, labda uliongezeka. Fundi mkuu wa wakati ule, mzee mmoja mwenye kifua kipana na subira nyembamba, akaandika barua ya kuomba giaboksi nzima, ambayo ingechukua miezi miwili kufika. Kwa miezi hiyo miwili wagonjwa wangeteremshwa mlimani kwa pikapu ya kubebea saruji.

Beringi ya pili iliporudishwa stoo, karani wetu aliizungusha kwenye kidole. Ilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Akachukua na ile ya kwanza. Nayo kimya. Akafunga stoo, akaenda nazo uwanjani lilipokuwa gari, na kumkuta dereva wa zahanati amekaa kwenye kiti chake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

“Kaka, hebu washa. Usiweke gia.”

Dereva akawasha. Mlio ukaanza. Lakini pembeni mafundi wawili walikuwa wanagonga bati, na mwingine anasimulia mpira kwa sauti ya mtangazaji. Karani wa stoo, mwanamke mdogo kwa umbo ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, akageuka na kupiga ukelele mmoja: “Nyamazeni!”

Karakana nzima ikanyamaza. Hata redio ilizimwa. Siku hiyo ndipo jina lilipozaliwa.

Akamwambia dereva akanyage klachi mpaka chini. Mlio ukakata. Akamwambia aachie. Mlio ukarudi. Wakarudia mara nne, kisha akamgeukia fundi mkuu, ambaye alikuwa ameshafika na kusimama nyuma yake mikono kiunoni.

“Dada, umeacha stoo wazi,” mzee akasema.

“Nimefunga, Mzee. Ufunguo huu hapa.”

“Na ufundi umeanza lini?”

“Mimi si fundi, Mzee. Lakini beringi ya klachi hufanya kazi ukikanyaga. Ingekuwa ndiyo mgonjwa, ingelia ukikanyaga. Hii inanyamaza ukikanyaga. Basi anayelia ni yule anayezunguka ukiachia, beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi. Na hizi mbili mlizonirudishia ni nzima. Zungusha mwenyewe.”

Waliokuwapo wanasema mzee alizungusha beringi ile kidoleni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Uso wake ulibadilika mara tatu. Mwishowe akasema, “Tutafungua. Ikiwa siyo hiyo, sitaki kukuona nje ya dirisha lako mpaka nistaafu.”

Wakalinyanyua gari, wakafungua nati ya kumwagia mafuta. Mafuta yakatoka machache mno, tena yanametameta kama yametiwa unga wa fedha. Hapo mzee akanyamaza bila kuamriwa. Giaboksi ikashushwa, kifuniko cha mbele kikatolewa, na beringi ya shafti ikavutwa nje kwa kifaa chake. Njia ambamo gololi hupita ilikuwa imeliwa vishimo vishimo, kama barabara baada ya masika. Na Bi Nyamazeni hakuishia hapo. Aliuliza mafuta yalikwenda wapi. Wakatafuta, wakakuta sili ya mbele, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, imechoka na ilikuwa ikivujisha kidogo kidogo tangu nani ajuaye lini. Wangeweka beringi mpya na kuiacha sili ile, baada ya miezi michache wangekuwa palepale.

Siku ya tatu gari lilipanda mlimani kimya. Wiki iliyofuata fundi mkuu aliandika barua ya kumhamisha karani wa stoo kwenda meza ya giaboksi. Nimeiona, ipo kwenye faili. Ina sentensi moja tu: “Mtu huyu anapotea stoo.” Ofisi ya utumishi, kwa kuwa haikumfahamu, ilijibu ikiuliza kama ametolewa taarifa polisi.

Nyumbani kwake pia ni kwa mafundi. Mume wake ni fundi cherehani, na watoto wao wawili walikua wakijibu mlango kwa swali moja: “Fundi yupi, wa gia au wa suruali?” Kufua nguo kila Jumapili ni zamu ya mume, tangu walipokuwa wachumba, kwa sababu, asemavyo yeye, mke wake husugua nguo kama anaondoa kutu.

Nalitaja hilo la kufua kwa makusudi, maana wasifu unaosifu tu ni kama gari lisilo na kioo cha nyuma, na yeye mwenyewe amenitaka niandike na hili.

Katika mwaka wake wa tisa, Ijumaa moja yenye kazi nyingi, alifunga giaboksi ya lori dogo la chanjo. Lori hilo lilikuwa la dereva yuleyule wa zahanati, aliyekuwa amehamishwa. Jumapili asubuhi mume wake alipekua mifuko ya ovaroli kabla ya kuiloweka, akatoa kipete chembamba cha chuma, kinang'aa, chepesi kama karatasi. Akamwita mkewe huku anacheka.

“Mama watoto, kuna mtu amekuvisha pete na mimi sina habari?”

Mkewe hakucheka. Alikishika kile kipete, akakipima kwa ncha za vidole, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kilikuwa kipete cha kushikilia shafti isicheze mbele na nyuma. Mahali pake hapakuwa mfukoni. Bila kipete hicho gia inaweza kuchomoka yenyewe, hasa gari likiteremka na mzigo huku dereva akitegemea gia kulishika. Na lori la chanjo lilikuwa limeondoka alfajiri ile, kwa njia ya mteremko mkali kuliko yote tunayoijua.

Simu za mkononi zilikuwa bado za wachache, na dereva hakuwa miongoni mwao. Jirani alikuwa na pikipiki. Bi Nyamazeni alipanda nyuma akiwa na kanga na kandambili, kipete amekifumbata kiganjani, na jirani anasema safari nzima alisikia neno moja tu mgongoni mwake: “Ongeza.” Walijua kwamba dereva hakosi kusimama kunywa chai kwenye kibanda kilicho juu kabisa, kabla ya mteremko. Walipofika, kikombe kilikuwa kitupu mezani, na dereva ameshashika mlango wa lori.

“Shuka!” akapiga ukelele, ingawa hakuwa amepanda.

“Dada, nimekosa nini?”

“Wewe hujakosa. Nimekosa mimi.” Akafungua kiganja.

Dereva alikitazama kile kipete. Akasema polepole, “Basi ndiyo maana. Gia ya tatu imechomoka mara mbili asubuhi hii. Nilidhani ni mkono wangu.” Kisha akatazama barabara ilivyokuwa inashuka na kupotea kwenye kona, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akaomba chai nyingine.

Chanjo zilihamishiwa gari jingine na zikafika zikiwa bado na ubaridi wake. Lori likarudishwa kwa kuvutwa. Hakuna aliyeumia, na kwa kuwa hakuna aliyeumia, jambo lingeweza kuishia kwenye masikio ya watu wachache. Jumatatu asubuhi, kabla kazi haijaanza, Bi Nyamazeni alisimama katikati ya karakana akasimulia kila kitu, tangu mfuko wa ovaroli hadi kibanda cha chai. Hakumlaumu mtu, wala wingi wa kazi. Fundi mmoja akaropoka, “Ndiyo ile wanayosema, kikulacho ki nguoni mwako,” na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, na machozi yakiwa bado usoni.

Fundi mkuu aliuliza swali moja: “Utafanya nini?” Kesho yake Bi Nyamazeni alikuja na trei ya mbao aliyoitengeneza nyumbani na kuipaka rangi ya njano, ina vyumba vidogo vidogo, kila kipuri na chumba chake. Sheria ikawa kwamba hakuna giaboksi inayofungwa mpaka trei iwe tupu, na mtu wa pili aitazame trei hiyo kwa macho yake. Wako waliosema ni mchezo wa watoto. Leo kila meza ya karakana hii ina trei ya njano, na ile ya kwanza imeungwaungwa gundi hadi haijulikani ipi mbao ipi gundi. Tangu Jumatatu ile hatujatoa gari lenye kipuri kilichosahaulika.

Mafundi kumi na mmoja wamepita mikononi mwake. Mmoja ni mkuu wetu wa sasa, ambaye hadi leo akiingia karakana hushusha sauti bila kujua kwa nini. Mimi niliyeandika haya nilikuwa wa nne, na ni mimi peke yangu niliyefukuzwa. Baada ya miezi minne alinishika bega kwa upole: “Mdogo wangu, una mikono mizuri. Lakini masikio yako yanasikia unachotaka wewe, si kinachosemwa na gari. Nenda kwenye breki.” Nilinuna wiki nzima. Sasa nina miaka kumi na saba kwenye breki, meza ya pili kutoka kwake, na sijajuta hata siku moja.

Ni kutoka meza hiyo ya pili ndipo nilipoona, miaka sita iliyopita, kwamba alikuwa ameacha kusema “nyamazeni”. Gari lilikuja, likawashwa, watu wakaendelea kupiga soga, naye akainama tu. Nikadhani amezeeka, amekuwa mpole. Kisha siku moja nikamwita mara tatu kwa nyuma asigeuke. Alipogeuka na kuniona, alijua kwamba nimejua.

Daktari alikuwa amemwambia mapema mwaka ule. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia limebaki nusu. Miaka ya nyundo na injini hailipi fadhila. Alikuwa amekaa na habari hiyo miezi mitano, hata mume wake alidhani anamkasirikia. Wiki ileile niliyomgundua alikwenda ofisini kwa mkuu na kuomba arudishwe stoo, nyuma ya dirisha lenye nondo. Alisema fundi wa giaboksi asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja, na hataki kuja kuua mtu kwa kukisia.

Mkuu hakubishana naye. Alisema tu, “Sawa, Mama. Barua nitaandika kesho. Leo nisaidie na hili moja, mwenyewe limenishinda.” Akamwonyesha gari la maabara lililokuwa uwanjani, ambalo lilikuwa likinguruma kila likitembea.

Nakumbuka tulivyosimama, sote tukijifanya tuna kazi karibu na gari lile. Bi Nyamazeni aliomba liendeshwe nje, lirudishwe, kisha akaketi kwenye kiti cha dereva akaendesha mwenyewe mara mbili kuzunguka uwanja na kutoka hadi barabarani. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye usukani. Wa kushoto aliushusha juu ya kirungu cha gia, si kukishika, kukigusa tu kwa vidole viwili. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu: uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alipoingiza ya nne, uso ukakunjuka.

“Inatulia kwenye ya nne,” akasema. “Kwenye ya nne nguvu inapita moja kwa moja, haipitii shafti ya chini. Beringi ya shafti ya chini, ya nyuma. Fungueni.”

Tukafungua. Ilikuwa ya nyuma.

Alikaa kwenye stuli yake akaitazama ile beringi, akaizungusha kidoleni, mbali kabisa na sikio. Tukaelewa, na nadhani yeye pia alielewa siku hiyohiyo, kwamba tangu zamani za stoo masikio yalikuwa yakisifiwa kwa kazi ya vidole. Mkuu akamuuliza kama bado anataka ile barua. Akajibu, “Barua gani? Mimi sisikii vizuri.”

Tangu hapo amefundisha mafundi watatu wa mwisho kwa namna nyingine. Huwaziba masikio kwa pamba na kuwaambia washike kirungu cha gia, au waweke kiganja kwenye mwili wa giaboksi gari likiwa juu ya jeki, mbele, kati, nyuma, wamwambie wapi panatetemeka zaidi. Wageni wanaotutembelea hudhani ni adhabu.

Wiki iliyopita aliletewa gari lake la mwisho. Lilikuwa gari dogo la mkunga wa wilaya, linavuma likikimbia, na fundi wa karakana nyingine alikuwa ameshaandika kwenye karatasi: giaboksi ishushwe, ifunguliwe yote. Tulikuwa tumeshaandaa nafasi, na kusema kweli tulikuwa tumepanga pia kupiga picha, fundi mkongwe na giaboksi yake ya mwisho, zitoke kwenye jarida hili. Kijana wa mawasiliano alikuja na kamera.

Bi Nyamazeni alikaa kiti cha abiria, akavua viatu, akaweka nyayo tupu juu ya sakafu ya gari, mimi nikaendesha. Akaniambia nitoe gia, niliache gari litiririke lenyewe. Mvumo ukabaki. Akaniambia nikate kulia. Mguu wake wa kushoto ukainuka kidogo kama umeungua. Nikakata kushoto, ukatulia.

Tuliporudi alivaa viatu polepole, akafunga kamba zote mbili. Akasema giaboksi haina kosa lolote, isiguswe. Beringi ya gurudumu la mbele kushoto ndiyo imechoka, na hiyo ni kazi ya meza ya pili, yaani mimi. Kijana wa mawasiliano akauliza sasa picha tutapiga ya nini. Akaambiwa apige ya mkunga, ambaye alikuwa amejiandaa kukaa wiki mbili bila gari, na sasa anaambiwa aondoke nalo saa nane mchana. Picha hiyo ndiyo mnayoiona kwenye ukurasa wa mbele. Bi Nyamazeni hayumo, alikuwa anafagia meza yake.

Kwa niaba ya mafundi, madereva, stoo, ofisi, na zahanati zote ambazo magari yao hupita hapa, tunakushukuru, Mama. Umetufundisha kuuliza kabla ya kufungua, na kukiri kabla ya kuulizwa. Tunasikia kwamba umeshaitenganisha cherehani moja ya mumeo vipande vipande, “kuitazama tu”, na kwamba mzee wako anaingoja kwa uvumilivu mkubwa. Tunamtakia heri katika kungoja huko. Wewe tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wakizunguka, na miaka mingi ya asubuhi ambazo hakuna mtu anayekuletea kitu kinacholia.